Nilivyomrudisha mwanangu kutoka Maskati

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa sekunde 19. Nilikuwa barazani napinda upindo wa buibui la mteja, simu ikalia, nikajua ni baba yake, maana zilibaki siku mbili mtoto arudi. Akasema nisijisumbue kwenda uwanja wa ndege, kijana ameshamwandikisha skuli huko huko, na kheri yake ndiko iliko. Basi. Hata salamu hakutoa.

Tulikuwa tumeachana mwaka wa pili ule, kwa talaka moja, eda ikaisha, kila mtu akashika njia yake bila ya kelele. Yeye ni mtoto wa Wete, Pemba, kama mimi, ila upande wa baba ni Muomani na uraia wake ni wa huko. Mtoto alikaa kwangu, matunzo yakija kila mwezi, sina la kumsingizia. Alipoomba amchukue likizo ya Juni, niliridhia. Nilitia saini maombi ya paspoti, na barua ya ridhaa nikaiandika kwa mkono wangu: "Namruhusu mwanangu asafiri na baba yake." Mpaka lini, sikuandika. Barua ile baadaye niliiona imeambatishwa kwenye majibu ya wakili wake, kwa mwandiko wangu mzuri wa skuli.

Nilikwenda polisi siku ile ile. Askari aliyekuwa zamu akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Dada, mtu haibi chake." Kesho yake nilirudi na kaka yangu, sikubishana tena, nilitaka taarifa iandikwe na nipewe namba ya RB tu. Nikapewa. Namba ile haikumrudisha mtoto, lakini ilikuja kuonyesha kwamba mimi nilipinga tangu siku ya kwanza, sikukaa kimya miezi mitatu nikazinduka.

Kosa langu kubwa lilikuwa wiki tatu zilizofuata. Mtoto wa halati yangu aliyeko London alinitumia kurasa chungu nzima za Mkataba wa Hague wa mwaka 1980, ule unaohusu watoto wanaochukuliwa na mzazi mmoja kupelekwa nchi nyingine. Nikazichapisha dukani, nikazisoma usiku kwa kamusi. Niliona dawa nimeipata. Mkataba wenyewe ni mzuri: hauulizi nani mzazi bora, unauliza mtoto alikuwa akiishi wapi kabla ya kuchukuliwa, halafu arudishwe huko na mahakama ya huko ndiyo iamue ulezi. Unamhusu mtoto aliye chini ya miaka 16, na ukiomba kabla ya mwaka mmoja kupita, hoja kwamba ameshazoea kwao kupya haina nafasi. Niliandika barua kwa ofisi nne. Hakuna iliyojibu, na sasa naelewa kwa nini.

Aliyenizindua ni mwanasheria wa kike wa Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, pale Chake Chake. Alizipindua karatasi zangu taratibu, akazifunga na uzi wake, akanirudishia. "Mkataba huu hufanya kazi baina ya nchi mbili zilizoingia zote mbili. Tanzania haimo. Oman haimo." Nikamuuliza, je, angempeleka Uingereza? Akasema Uingereza imo tangu 1986 lakini mimi nisingenufaika, kwa kuwa kwetu hatumo. Ningelazimika kufungua shauri la kawaida katika mahakama yao na jaji angetazama maslahi ya mtoto. Ule mwingine wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa nchi zote mbili zimeuridhia, na kifungu cha 11 kinazitaka serikali zipambane na kuchukuliwa watoto kinyume cha sheria, lakini hautoi ofisi ya kubisha hodi wala fomu ya kujaza.

Halafu akaniuliza mtoto kazaliwa lini. Disemba, nikamwambia, atatimiza saba. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza kidogo.

Hapo ndipo nilipojua kwamba napigana na kalenda. Sheria ya Oman ya mambo ya familia, ya mwaka 1997, inampa mama nafasi ya kwanza katika hadhana, yaani ulezi wa mtoto, ila kwa mtoto wa kiume ni mpaka miaka saba, isipokuwa kadhi wa huko aone vyengine. Na kwetu, kwa madhehebu ya Shafi, mtoto akifika umri wa kupambanua hupewa achague baina ya baba na mama. Sasa mtoto anayetimiza saba yumo nyumbani kwa baba, skuli ya baba, baiskeli ya baba, atamchagua nani?

Tukaanza upya. Tulikwenda Mahakama ya Kadhi ya Wilaya, kwa sababu sheria ya 2017 ya mahakama hizo inawapa makadhi mamlaka ya kusikiliza ulezi wa watoto baina ya Waislamu waliooana. Msaidizi wa kisheria wa Wete alinisaidia kuandika madai bila ya kunitoza. (Watu wengi hawajui kama wapo, kwa walioko Unguja, ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake, pia husaidia bure.) Nilipeleka cheti cha talaka, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki yenye chanjo zake zote, barua ya mwalimu mkuu kwamba nafasi yake darasani ipo, na barua ya sheha kwamba mtoto anaishi shehia ile tangu azaliwe. Ofisi ya Ustawi wa Jamii walikuja nyumbani wakatazama anapolala na anapocheza, wakaandika ripoti. Ule ujumbe wa sekunde 19 tuliuandika neno kwa neno kwenye karatasi, na simu yenyewe nikaibeba.

Wito alipelekewa kupitia ndugu yake aliyeko hapa hapa, naye akaweka wakili. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mimi niko mbioni kuolewa, na mama akiolewa na mtu wa mbali hadhana humponyoka. Wallahi nilicheka mbele ya kadhi. Mwanamume aliyekuwa akionekana kwetu kila jioni alikuwa fundi wa bati, na mpaka leo hela yake sijaimaliza. Kadhi naye akauliza mama yangu mzazi yu hai? Yu hai, akasimama mwenyewe nyuma kule na kanga yake. Basi hata kama ningeolewa, haki ingehamia kwa bibi mzaa mama kabla ya kufika kwa baba. Wiki ya tano amri ikatoka: hadhana ni ya mama, baba ana haki ya kumuona mwanawe na kuwa naye, na mtoto arudishwe.

Nikidhani yamekwisha. Kumbe hukumu ya Wete haitembei yenyewe mpaka Maskati. Ilitakiwa itafsiriwe Kiarabu na mfasiri anayetambulika, igongwe muhuri wa mahakama, kisha ofisi ya Wizara ya Mambo ya Nje iliyoko Unguja, kisha ubalozi mdogo wa Oman. Nilipanda boti pale Mkoani alfajiri, nikafika dirishani, nikarudishwa: kwenye cheti cha kuzaliwa baba yake ni Nassor, kwenye cheti cha talaka ni Nassir. Herufi moja! Nikarudi Pemba kula kiapo cha majina, nikapanda boti tena. Nauli, mfasiri na mihuri vililiwa na mikarafuu yangu mitatu ya urithi, niliyomwekea rehani mjomba kwa msimu mmoja. Kama unaanza safari hii, yalinganishe majina kwenye vyeti vyako leo usiku.

Wakati karatasi zinazunguka, mambo mawili yalikuwa yakiendelea pembeni, na mimi nayapa uzito kuliko mihuri yote.

La kwanza, nilimpigia simu mwanangu kila siku baada ya magharibi na sikulia. Nilimuuliza amekula nini, nikamwambia mbuzi amezaa. Sikumsema baba yake hata siku moja. Mwanasheria alinikataza pia kushikilia kesi ya jinai: mtu akijua akikanyaga Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, atatiwa pingu, hatokanyaga, na mtoto hatokanyaga naye. Ndugu zangu waliona mimi muoga.

La pili ni mamkwe. Nilichelewa kumwendea kwa aibu, nikidhani atasimama na mwanawe. Nilimkuta uwani anaanua karafuu jamvini, nikampa mkono, nikakaa chini, nikaeleza. Hakusema kitu mpaka nilipomaliza. Kisha akaomba simu yangu, yake haina bando, akampigia. "Mimi huyu mtoto nimemuogesha tangu siku ya saba. Umemtoa hapa kwa ruhusa ya likizo. Ahadi ni deni. Radhi yangu ukiitaka, mrudishe kwa mama yake, halafu mkae mzungumze kama watu." Akakata, akaendelea na karafuu zake.

Wiki ile ile ami yake mtoto aliyeko Maskati, mzee aliyezaliwa Wete na anayeota kwa Kiswahili mpaka leo, alinipigia mwenyewe. Alitaka yaishe kwa maneno. Mwanasheria wangu akasema maneno mazuri, lakini yaandikwe. Nilimpa wakala mume wa halati yangu anayeishi huko, akafika na amri yangu yenye mihuri mbele ya kamati ya usuluhishi ya kisheria ya huko, wakaketi baba, ami na yeye. Walichokubaliana kikaandikwa na kutiwa saini, na maandishi ya kamati ile yana nguvu ya hukumu. Hiyo ndiyo karatasi iliyofanya kazi, lakini bila ya amri ya kadhi hakuna ambaye angekaa kitako kuiandika.

Makubaliano: mtoto anakaa kwangu na anasoma Wete. Likizo za Juni na Disemba ni za baba yake. Kila safari ina barua yenye tarehe ya kwenda na ya kurudi, na tiketi ya kurudi imeshalipwa. Skuli haibadilishwi bila ya saini za wote wawili. Paspoti ya Tanzania ninayo mimi, ya Oman anayo ami. Hili la paspoti wengi hawalijui: baba akiwa Muomani mwanawe ni Muomani kwa sheria ya kule, kwa hiyo anaweza kupatiwa paspoti yao bila ya saini yangu. Kufungia ya kwetu sandukuni peke yake si kufuli.

Alirudi tarehe 9 Novemba na ami yake. Nilimsubiri Unguja tangu asubuhi. Alikuwa amerefuka, meno mawili ya mbele hayapo, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba baiskeli haikuingia kwenye ndege. Saba aliitimiza kwetu, kwa maandazi na kelele.

Juni hii amekwenda tena. Baba yake alikuja kumchukua mwenyewe, akakaa barazani na glasi ya maji, hatukutazamana sana. Akanipa bahasha. Nikaitoa tiketi, nikasoma tarehe ya kurudi kwa sauti, mwanangu akaiandika kwa penseli kwenye kalenda ya ukutani, upande wa mlango, panapofikika kimo chake.