Riwaya ya kijiji cha Ireland: anza na msiba

Riwaya za vijiji vya Ireland zina njia yake. Mwanamke anafika kijiji alichozaliwa mama yake, anakuta nyumba inayovuja na jirani mwenye maneno makali, na kabla ya ukurasa wa mwisho amepata watu wa kumwita wao. Wasomaji wengi hapa Kampala huzipenda kwa ule upole wake, lakini hupita mbio mahali penye uzito wote, yaani kwenye msiba. Ukitaka kujua nani ni mwenyeji na nani bado ni mgeni, soma sura hiyo mara mbili.

Vijijini Ireland, marehemu mara nyingi hulazwa nyumbani kwake, jeneza wazi, na watu hukesha naye. Tangazo la kifo husomwa kwenye redio ya eneo, kama redio zetu zinavyofanya. Majirani huleta mikate na keki bila kuombwa, na birika halipoi. Kwa kawaida maziko hufanyika ndani ya siku mbili au tatu; sehemu nyingine kaburi huchimbwa na majirani wenyewe. Baada ya mwezi husomwa misa ya kumkumbuka. Shika kalamu uandike: nani anamimina chai? Nani amebeba jeneza? Nani ameketi na wafiwa, na nani amesimama uani? Mgeni huitwa kwa neno lenye maana ya mtu aliyeletwa na upepo, na anaweza kuitwa hivyo hata baada ya miaka 30. Siku anapokabidhiwa birika jikoni kwa wafiwa, jambo limekwisha, hata kama hakuna aliyetamka lolote.

Hapa msomaji wa Buganda huteleza. Amezoea okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba, ambapo omusika, yaani mrithi, huonyeshwa mbele ya ukoo na kila mtu anamjua. Ireland hakuna hatua hiyo. Wosia uko kwa wakili, na shamba linaweza kukaa bila neno kwa sura kumi. Sheria ya Urithi ya mwaka 1965 inampa mjane theluthi moja ya mali kama kuna watoto, nusu kama hakuna, hata wosia ukisema vingine. Mtoto hana fungu lililopangwa; akiona mzazi hakumtendea haki katika wosia, inambidi aende mahakamani. Ndiyo maana kaka na dada katika riwaya hizi hunyamaziana miaka mingi kwa sababu ya malisho ya ng'ombe.

Kama kisa ni cha mtoto aliyelelewa na wengine, angalia mwaka. Kuasili mtoto kisheria kulianza na sheria ya 1952, na mtoto huyo hakupewa haki kamili ya kupata cheti chake cha kuzaliwa hadi sheria ya 2022. Kabla ya hapo mhusika hana budi kuuliza wazee na kubembeleza watawa. Ule utafutaji mrefu unaowachosha wasomaji ndivyo hali ilivyokuwa.

Majina huwaangusha wengi. Siobhán husomwa Shivooni, Niamh ni Niivu, Aoife ni Iifa. Nyumba nyingi za eneo moja zikiwa na jina moja la ukoo, mtu hutajwa kwa jina lake, la baba na la babu kwa mfululizo; ukidhani ni watu watatu umepotea. Chora nasaba kwenye karatasi kabla ya kupita ukurasa wa 50. Na kila neno "cousin" liulizie: mtoto wa mjomba, wa shangazi, au wa baba mdogo? Kiingereza kinaficha, na kisa chenyewe mara nyingi kimejificha hapo hapo. Kiingereza cha huko nacho kina yake: "press" ni kabati, "the guards" ni polisi, "giving out" ni kukaripia, na anayesema "I'm after eating" ameshakula, hatafuti chakula.

Mkisoma pamoja, kundi la watu wanane linatosha, kurasa 80 kwa wiki. Zaidi ya hapo watu huja hawajasoma na mazungumzo yanageuka kusimuliana kisa.

Kikao cha kwanza kianze na msiba wa Mama Kevina, mtawa Mkatoliki. Alizaliwa Wicklow, Ireland, mwaka 1875, akafika Uganda 1903, na Nsambya, hapa Kampala, bado inamkumbuka. Alifariki Marekani mwaka 1957, akazikwa Ireland kwenye nyumba ya shirika lake. Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Wakaomba arudishwe, mwili ukafukuliwa na kuletwa kwa ndege, na mwaka huo huo akazikwa Nkokonjeru.