Siku nzima na bastola inayokwama

Saa 2:00 asubuhi. Mzee amefika kabla sijavaa aproni. Amewahi kuwa mlinzi miaka mingi, na bastola yake ya milimita 9 ameileta kwenye kasha, pamoja na magazini tatu (visanduku vya kuwekea risasi) na kopo la maganda ya risasi aliyookota uwanjani. Nilifurahi kuyaona hayo maganda kuliko bastola yenyewe.

"Mwanangu, inakwama."

"Inakwamaje, mzee?"

Hapo ndipo kazi inapoanza, maana kukwama si ugonjwa mmoja. Risasi mpya ikijikita chini ya mdomo wa chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, nitaanza na magazini. Ganda likibaki ndani ya chemba baada ya mlipuko, nitatazama ndoano inayoling'oa, na uchafu wa chemba. Likitoka kisha likabanwa wima kwenye tundu la kutolea maganda, mara nyingi slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, haikurudi nyuma vya kutosha. Mzee aliyaona mawili: la wima mara kwa mara, la kujikita mara mojamoja. Nikamwuliza ni magazini ipi. Hakujua, zote zinafanana.

Saa 2:40. Natoa magazini, navuta slaidi, naangalia chemba kwa macho, kisha naingiza kidole. Mwanafunzi wangu anarudia yote hayo mbele yangu. Nimeikagua, na yeye ataikagua vilevile. Hilo sipunguzi hata tukiwa na haraka. Kisha nachukua kalamu ya rangi na kuandika 1, 2 na 3 chini ya magazini.

Mwanafunzi alishanyoosha mkono kuchukua brashi. Nikamzuia. Ukisafisha kabla hujaona tatizo kwa macho yako, umefuta ushahidi, na mwenye silaha atarudi baada ya wiki mbili.

Saa 4:00, uwanja wa shabaha. Miwani, vizibo vya masikio. Naweka risasi moja tu kwenye magazini namba 1 na kufyatua. Magazini ikiwa tupu, slaidi inapaswa kubaki wazi nyuma. Haikubaki. Ikarudi mbele na kufunga. Nikarudia mara kumi, nikibadilisha magazini: saba ilifunga. Mzee naye akajaribu, ikafunga zote. Kidole gumba chake hakikugusa kitasa cha kuzuia slaidi, kwa hiyo si mkono wake uliokuwa ukiisukuma chini.

Kisha tukajaza magazini, risasi tano tano. Magazini namba 2 ndiyo iliyojikita chini, mara mbili, kwenye risasi ya mwisho. Namba 1 na 3 hazikuwahi kufanya hivyo. Kumbe tuna maradhi mawili yaliyokuwa yakisimuliwa kama moja!

Saa 6:30 mchana. Mezani. Bastola hii, kama nyingi za aina yake, hufuata mpango wa John Browning: mtutu na slaidi hurudi nyuma vikiwa vimefungamana, kisha mtutu huinama na kuiachia slaidi iendelee peke yake. Nguvu ya risasi ndiyo inayolipia safari yote, ikiwa ni pamoja na kuibana springi inayoirudisha slaidi mbele. Springi ikiwa nzito kuliko inavyopaswa, slaidi huishia njiani.

Nikaitoa springi. Ilikuwa mpya, inang'aa, na nzito mkononi kuliko ile ya kiwandani ninayoitunza kwa kulinganisha. Mzee akakumbuka: fundi mmoja aliwahi kumwekea "ili isirushe sana". Risasi zake za mazoezi nazo ni laini, zenye nguvu ndogo. Springi nzito na risasi laini, hapo ganda litabanwa tu. Uso wa ndoano ulikuwa na masizi, lakini ukingo wake ulikuwa mkali, na alama zake kwenye vitako vya maganda zilikuwa safi. Sikuigusa kwa tupa. Hata njia ya kupandishia risasi sikuing'arisha. Ukiondoa chuma hapo hakirudi.

Magazini namba 2: kwa kalipa, kifaa cha kupimia upana, midomo yake inayoshika risasi imepanuka kidogo kuliko ya wenzake, na springi yake imechoka. Mzee aliniomba niikunje kwa koleo. Nilimkatalia kwa heshima. Ya mazoezi ningeijaribu. Ya kulinda uhai wa mtu, hapana.

Saa 9:00 alasiri. Tunarudi uwanjani na springi ya kiwandani peke yake, bila kubadilisha kingine chochote, na bado sijasafisha. Risasi moja moja, mara ishirini: slaidi ilibaki wazi zote ishirini. Nilipumua. Ndipo nikasafisha, nikatia tone moja moja la mafuta kwenye reli, na nikakausha njia ya pini ya kugongea, kwa sababu mafuta huko hukusanya masizi na kupunguza kasi ya pini.

Kisha risasi 150 za mazoezi kwa magazini 1 na 3, na 50 za zile anazobeba kweli. Mlio mmoja ulikuwa hafifu kuliko mingine. Tukasimama palepale, tukafungua, tukahakikisha mtutu hauna risasi iliyokwama ndani. Ulikuwa wazi, tukaendelea. Hakuna kilichokwama.

Saa 11:20 jioni. Nusu ya mwisho amefyatua mzee mwenyewe, kwa mkono wake, jinsi anavyoishika. Bastola inayofanya kazi mkononi mwangu tu sijaitengeneza. Amekusanya maganda yake yote, akanihesabia.

"Na hii namba 2, mwanangu?"

Nimeichora alama nyekundu na kuiweka kwenye droo ya chuma. Springi nzito iko kando yake, ndani ya bahasha yenye tarehe ya leo.