Siku Mama Alipoliona Ziwa Lililotushinda

Sisi tuliosoma shule za msingi za Mwanza tulikariri mapema kwamba Ziwa Victoria ni la pili kwa ukubwa duniani miongoni mwa maziwa ya maji baridi. La kwanza mwalimu alilitaja kwa pumzi moja tu, Superior, Amerika ya Kaskazini, kisha akaendelea na somo. Kwetu lilikuwa jina la kujibia mtihani, na nadhani tulilichukia kidogo, kama unavyomchukia yule anayeshika namba moja kila muhula na hujawahi kumwona akisoma. Takwimu zenyewe nilikuja kuzijua ukubwani: kilomita za mraba 82,100 kwa 68,800 za kwetu, na kina kinachofika mita 406, wakati la kwetu halizidi sana mita 80.

Maisha yalinipeleka Minnesota, kwenye kitongoji kimoja cha Minneapolis, na kwa miaka kadhaa niliishi mwendo wa saa mbili na nusu tu kutoka kwenye ziwa hilo bila kwenda kuliona wakati wa baridi. Aliyenitoa ndani ni mama. Alikuja mwishoni mwa mwaka 2018 kumwangalia mke wangu aliyekuwa amejifungua, na kwa miezi miwili hakuona Amerika nyingine zaidi ya sebule, jiko na duka la vyakula. Mama ni mfanyabiashara wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Ameuza dagaa, kisha kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, kwa zaidi ya miaka thelathini, na sisi watoto wote tumesomeshwa na ziwa lile. Jioni moja, akiwa anamkanda mjukuu wake mafuta, aliniuliza bila kuinua macho, "Baba, hilo ziwa lililotushinda liko mbali na hapa?" Nilipomwambia si mbali, akasema, "Basi nipeleke nikalione. Nikirudi Kirumba watu wakiniuliza nitasema nini?"

Tuliondoka Jumamosi ya mwisho ya Januari 2019, siku chache kabla ya ile baridi iliyofanya hata posta isitishe kupeleka barua Minnesota. Saa kumi na moja alfajiri kipimajoto kilionyesha nyuzi 23 chini ya sifuri. Mama alikuwa amevaa suruali mbili chini ya gauni la kitenge, sweta mbili, koti la mke wangu, na juu ya kofia ya sufu akajifunga kanga, kwa maelezo kwamba kofia peke yake ni vazi la vijana. Nyuma ya gari nilipakia mablanketi, koleo la theluji na chupa mbili za chai, kwa sababu mtu mzima haingii barabara zile wakati wa baridi mikono mitupu. Usukani nilimkabidhi rafiki yangu wa Kisumu, ambaye ameendesha kwenye barafu miaka mingi kuliko mimi. Kijana huyo, ambaye kwao salamu ya shikamoo si ya kila siku, alimwamkia mama kwa heshima iliyozidi kiasi, kisha kabla hatujafika hata barabara kuu akaanza kulisifia Ziwa Victoria kana kwamba ni mali ya Kisumu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, halafu akamuuliza kwa upole kama anajua Kenya ina asilimia ngapi ya ziwa hilo. Ni kama asilimia 6 tu, na alijua. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mafuta.

Barabara ya kwenda Duluth, mji ulio ufukweni mwa Superior, kwa sehemu kubwa haina la kusimulia, ni misonobari na giza. Utamu wake uko mwishoni, pale inapofika kileleni mwa kilima cha Thompson na ghafla mji wote unakuwa chini yako, na nyuma ya mji panakuwa na kitu ambacho akili inakataa kukiita ziwa. Tulifika pale jua likichomoza, yapata saa moja na nusu, na ziwa lilikuwa linafuka moshi. Moshi mweupe ulisimama juu ya maji kama nguzo nyembamba, ukatembea, ukapata rangi ya chungwa upande wa jua. Mama alishika bega la kiti changu. "Linachemka?" Nilimweleza kwamba ni kinyume chake: maji yale yalikuwa yamekaribia kuganda, lakini hewa ilikuwa na baridi kuliko maji, kwa hiyo mvuke ulipotoka majini uligeuka ukungu papo hapo. Alinyamaza akitafakari, kisha akasema kwamba mahali ambapo maji ya kugandisha mtu ndiyo yenye joto, huko hapana budi Mungu alikuwa na hasira.

Mjini tulisimama karibu na lile daraja la chuma la Duluth ambalo sakafu yake yote hunyanyuliwa juu meli inapotaka kupita mferejini. Siku hiyo halikunyanyuliwa. Milango ya maji ya Sault Ste. Marie, ambayo meli hupitia kutoka Superior kwenda maziwa ya chini, hufungwa kuanzia katikati ya Januari hadi karibu na mwisho wa Machi, na meli za kubeba mawe ya chuma hufungwa gatini kungoja. Kwa mama, ambaye amezoea kivuko na mitumbwi kutoka Januari hadi Desemba, hili lilikuwa jambo la kushangaza kuliko baridi yenyewe. Aliuliza mara mbili wavuvi wanakula nini miezi hiyo.

Kutoka Duluth tuliiacha barabara pana tukashika ile ya zamani inayofuata ufuko hadi Two Harbors, ziwa likiwa mkono wa kulia muda wote, wakati mwingine karibu kiasi kwamba matone ya mawimbi yalikuwa yameganda juu ya vichaka vya kando ya njia na kuvifanya vinara vya kioo. Mbele kidogo ya Two Harbors lori lilitupita na kutumwagia vumbi la theluji na chumvi, na kioo cha mbele kikawa cheupe kama kilichopakwa chokaa. Rafiki yangu alibonyeza maji ya wipa, hayakutoka. Alibonyeza tena, kisha akanitazama, na mimi nikatazama nje, kwa sababu wiki mbili nyuma nilikuwa nimeyachanganya na maji ya bomba ili yasiishe haraka. Yalikuwa yameganda ndani ya mpira. Tulijisogeza pembeni tukitambaa, rafiki yangu ametoa kichwa dirishani. Kabla sijafunga zipu ya koti mama alikuwa ameshashuka. Alichota theluji kwa mikono miwili akaisugua kwenye kioo, akavua kanga kichwani akafuta, akasugua tena, kama anavyoosha sufuria. Kioo kilitakata. Kanga ile iliganda dakika hiyohiyo ikawa ngumu kama bati, na mama aliibeba mapajani safari nzima akisubiri ilainike. Kila tulipopatwa na vumbi jingine tulisimama, na kazi hiyo hakumwachia mtu.

Kwenye maporomoko ya Gooseberry tulikaa kidogo tu. Maji yalikuwa yameganda yakiwa njiani kuanguka, yakaning'inia mazito, meupe na mengine ya kahawia, na chini yake ukitega sikio ulisikia mto ukipita ndani kwa ndani. Watu wa hapo hupiga picha nyingi. Mama alisema ni kuzuri, tukaondoka.

Mahali palipotuchukua muda ni Split Rock. Kuna mnara wa taa juu ya genge la mita kama 40, jengo dogo la matofali ya rangi ya maziwa, ulioanza kazi mwaka 1910 baada ya dhoruba ya Novemba 1905 kuharibu meli nyingi kwenye ziwa hilo. Barabara haikuwapo wakati ule, hivyo vifaa vyote vya ujenzi vililetwa kwa maji na kuvutwa juu ya genge kwa winchi. Tuliuangalia kutoka ufukweni chini, ambako wimbi lilikuwa limesukuma mabamba ya barafu na kuyalundika juu ya mawe meusi. Mawe hayo yalitokana na mwamba wa moto ulioyeyuka wa miaka kama bilioni 1.1, ya wakati bara lile lilipoanza kupasuka, kama la kwetu linavyopasuka kwenye Bonde la Ufa, kisha likaacha. Kila wimbi dogo lilipoingia, vipande vya barafu viligongana na kulia kama kreti la soda linaloburutwa sakafuni, na ndani yake vilikuwa na rangi ya samawati ambayo sijaiona kwingine.

Mama alichuchumaa, akavua glavu, akachovya mkono majini, akanywa kiganja kimoja. Akakaa nayo mdomoni kidogo. "Kumbe maji baridi ndiyo haya," alisema, "ya kwetu tulikuwa tunayasingizia." Kisha akavuta hewa puani, mara mbili, tatu. "Halina harufu." Na ni kweli, halikuwa na harufu yoyote. Kirumba unalinusa ziwa kabla hujaliona: samaki, magugu, moshi, mafuta ya injini za mitumbwi. Hapa palikuwa na hewa tu, iliyokwaruza pua.

Aliniuliza kama ziwa hili nalo huua. Nilimwambia habari ya Edmund Fitzgerald, meli ya mawe ya chuma iliyozama tarehe 10 Novemba 1975 ikiwa na watu 29, na kwamba kila mwaka tarehe hiyo taa ya mnara ule, iliyostaafishwa mwaka 1969, huwashwa kwa ajili yao. Akauliza walizikwa wapi. Nikasema hakuna hata mmoja aliyeopolewa. Maji yale ni ya baridi mno, na mwili unaozama humo hauelei. Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Nilijua yuko wapi. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, alikuwa na mteja wake wa siku nyingi ndani ya meli ile, na siku kadhaa mfululizo aliamka usiku kwenda kutazama miili ikiletwa. Wengi wao wamelala kwenye makaburi ya Igoma, Mwanza. "Sisi angalau tulizika," alisema hatimaye, akavaa glavu yake. Rafiki yangu, ambaye alikuwa amesimama mbali kidogo, alitusogelea akamshika mama mkono ili asiteleze kupanda kwenye gari.

Tulikuwa tumepanga kufika Grand Marais, lakini jua la huko Januari huzama saa kumi na moja jioni na wipa zetu zilikuwa bado zimekufa, hivyo tukageuza. Kwenye kijiji cha Knife River tuliingia duka la samaki wa moshi, na mlango ulipofunguliwa ile harufu ya kuni na mafuta ya samaki ilimpokea mama kama ndugu aliyekuwa akimtafuta tangu asubuhi. Alisimama mbele ya kabati la kioo akavikagua vipande vya trauti kimoja kimoja, vyekundu, vimekatwa sawasawa, vimepangwa kama vitabu. Akanigeukia. "Muulize, vichwa viko wapi?" Niliona haya. Akanisukuma kidogo begani. "Muulize, mapanki yao wanampa nani?" Kwetu viwanda huchukua minofu ya sangara kupeleka nje, na kichwa na mifupa, yaani mapanki, hubaki kuwa kitoweo cha wenyeji; alitaka kujua huku kwenye minofu nani anakula mabaki. Nilimtafsiria muuzaji kadiri nilivyoweza. Alicheka, akaenda nyuma ya duka, akarudi na mfuko wa plastiki wenye vichwa vitatu vibichi vya trauti, na hela akakataa.

Tulifika nyumbani saa mbili na nusu usiku. Mama hakuvua hata koti. Alivipasua vichwa katikati, akavitia sufuriani na nyanya, kitunguu na tangawizi, na rafiki yangu wa Kisumu, aliyekuwa ameaga mara mbili, akavuta kiti. Mama alionja mchuzi kwa mwiko kwenye kiganja, akafumba macho kidogo, kisha akaomba ndimu.