Matone 42

Saa nne usiku nilimwekea mgonjwa dripu ya lita moja, iende kwa saa nane. Hesabu yake ilikuwa kichwani: mililita 1000 mara matone 20 ya kila mililita, gawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Nikashika saa, nikahesabu dakika nzima, nikarekebisha mpaka yakatimia. Saa kumi alfajiri chupa ilikuwa tupu, saa mbili kabla ya wakati wake.

Nilimpima presha, mapigo na upumuaji, nikamsikiliza kifua, nikamwita daktari. Mgonjwa alikuwa salama. Mimi nilibaki nikiyaogopa makabidhiano ya zamu ya asubuhi.

Inchaji aliyetangulia, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, angekusimamisha mbele ya wenzako, wagonjwa wakisikia, akuulize umesomea wapi. Ndiyo maana fomu za matukio, za kuripoti makosa kama haya, zilikaa kabatini bila kuguswa. Makosa yalikuwepo, kila mtu alirekebisha lake kimyakimya, na zamu inayofuata ikaangukia palepale. Wodi ile ilichosha kuliko wingi wa wagonjwa wake, na barua yangu ya kuomba uhamisho ilikuwa imeshaandikwa.

Huyu mpya aliacha makabidhiano yaishe, akaniita chumba cha dawa, akafunga mlango, tukakaa.

"Nieleze hatua kwa hatua, tangu uliposhika chupa."

Nilipofika kwenye seti ya dripu, ule mrija unaodondosha maji, akanikatiza. "Pakiti yake iko wapi?"

Tukaitafuta kwenye pipa la taka. Ilikuwa imeandikwa matone 15 kwa mililita. Stoo walikuwa wameleta seti za aina nyingine siku ile, zikapangwa pamoja na za zamani kwenye rafu moja, na hatukuambiwa. Kwa seti ya 15, dripu ile ilitaka matone 31. Matone 42 yalipeleka mililita 168 kwa saa, kwa hiyo lita ikaisha kwa takriban saa sita.

"Kusoma pakiti ni kazi yako," akasema. "Kuwatangazia kwamba seti zimebadilika ilikuwa kazi yangu. Mzigo ule niliupokea mimi na kuusaini."

Sikuwahi kumsikia msimamizi akisema hivyo.

Kabla ya saa nne asubuhi rafu zilikuwa zimetenganishwa, na ubaoni kukaandikwa: seti ya 20, matone 42, seti ya 15, matone 31, kwa lita moja ya saa nane. Hakuridhika na ubao, maana tangazo la ukutani humfikia anayetazama tu. Akarudi mwenyewe kwenye makabidhiano ya mchana na ya usiku, akalirudia kwa mdomo, kwa kuwa zamu tatu hazikutani. Jina langu hakulitaja. Fomu niliijaza mimi, naye akasaini chini yangu.

Wiki iliyofuata alitusomea majibu ya stoo: kifaa kikibadilika, wodi itaarifiwa kabla hakijafika kwenye rafu. Hatua hii wasimamizi wengi huiruka. Fomu inapokelewa, kisha kimya, na muuguzi asiyepata majibu haandiki tena.

Alipomaliza kusoma, mwenzangu tuliyekuwa naye zamu usiku ule akanyoosha mkono. Akasema hata yeye chupa yake iliisha mapema, kitanda cha dirishani, na hakumwambia mtu.

Inchaji akamsogezea fomu na kalamu.