Moshi mweusi wa mashine ya kusaga

Mashine yetu ya kusaga hapa Newala, inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, ilikuwa ikitoa moshi mweusi kila tulipomimina mahindi mengi, ilhali ikizunguka bila mzigo moshi haukuonekana. Tofauti hiyo ndiyo iliyonionyesha njia: mzigo unapoongezeka, gavana, kifaa kinachodhibiti kasi ya injini, huongeza dizeli, na hewa isipotosha, sehemu ya mafuta haiungui kikamilifu bali hugeuka masizi.

Nilifungua chujio la hewa, lile la bakuli la oili, nikakuta pumba na vumbi jekundu vimegandamana kuwa tope zito kama uji wa muhogo. Nikaliosha kwa dizeli, nikalikausha na kutia oili mpya hadi kwenye alama. Moshi ulipungua, lakini haukuisha. Ndipo nilipopeleka nozeli, ile ncha inayopuliza dizeli ndani ya silinda, kwa fundi pampu mjini Masasi, akanionyesha jinsi inavyodondosha matone badala ya kupuliza ukungu.

Tulipoibadilisha, moshi ulibaki hafifu hata kwa mzigo uleule. Asubuhi za baridi hutoka moshi mweupe kwa dakika chache, kwa kuwa silinda haijapata joto la kuunguza mafuta yote, huo haunisumbui.