Tandemu, mzigo kamili na mteremko wa Lushoto

Mtu wa nyuma kwenye tandemu, yaani baiskeli ya kukanyagwa na watu wawili, si abiria. Naanzia hapo kwa sababu wiki nzima kabla hatujatoka, kila fundi na kila jirani alikuwa akimpa mume wangu ushauri wa breki na gia, mimi naambiwa, "Dada, wewe kanyaga tu." Tumerudi Tanga salama baada ya siku tano, na breki iliyotushusha milimani iko kwenye usukani wangu, huku nyuma.

Ilikuwa safari ya majaribio kabla ya ile ndefu ya Kigoma. Tulipita Segera tukalala Korogwe, siku ya pili Mombo, ya tatu Lushoto, kisha tukageuza. Tulishauriwa tuanze mazoezi bila mzigo. Msifanye hivyo. Baiskeli yetu ina kilo 24, sisi wawili kilo 128, mizigo na maji kilo 38: jumla 190. Kila kitu kinachoharibika kinaharibika kwa sababu ya hizo 190, na ukiziogopa nyumbani utakutana nazo mbali zaidi na fundi.

Mabegi ya kuning'iniza ni ghali, kwa hiyo tulitumia madumu ya mafuta ya kula: mawili ya lita 20 nyuma, mawili ya lita 10 mbele. Unakata pande tatu za juu, wa nne unabaki kuwa bawaba. Toboa kwa msumari wa moto, weka kipande cha bati ndani ili kichwa cha bolti kisichane plastiki, funga kwenye karia, halafu kaza kwa mpira wa tyubu dumu lisirukeruke. Madumu yote manne hayakuzidi elfu thelathini na ushee. Kabla ya kutoboa, mtu wa nyuma akae kitini na arudishe pedeli nyuma kabisa. Kati ya kisigino na dumu pabaki vidole vinne. Vitu vizito (vifaa, jiko, mchele) vinakaa chini na mbele. Tulipojaribu kurundika kila kitu juu ya karia ya nyuma kama wabeba mkaa wanavyofanya, usukani ulianza kutikisika wenyewe tulipofika mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Ikikutokea, usiukamate kwa nguvu. Wote wawili mbane bomba la juu la fremu kwa magoti na mpunguze mwendo polepole.

Kuondoka kuna utaratibu. Wa mbele anasimama amepanua miguu, kwa sababu pedeli zikizunguka zinampiga muundi, na anashika breki zote mbili. Wa nyuma anapanda, anaweka miguu yote kwenye pedeli, anaizungusha kinyumenyume mpaka ya kulia ya mbele inakaa juu kidogo, tayari kukanyagwa. "Twende", wote wanasukuma. Kwenye kituo wa nyuma hashuki wala hatii mguu chini. Mlimani ni kugumu zaidi: geuzeni baiskeli kimshazari barabarani, pakiwa hapana gari, ndipo muondoke.

Mimi sioni mbele, naona mgongo. Kwa hiyo wa mbele lazima aseme: "tuta", "rasta", "shimo". Kabla ya kubadili gia anasema "legeza", na wote tunapunguza nguvu kwa nusu mzunguko. Siku ya kwanza tulisahau hilo mara moja tu, karibu na Muheza, cheni ikaruka ikajibana kati ya meno na fremu, ikachukua nusu saa kuitoa. Kila dakika kumi na tano tunasimama juu ya pedeli kidogo, la sivyo wa nyuma ndiye anayeumia makalio kwanza, maana matuta yanamkuta ameketi.

Cheni ya kushoto, inayounganisha pedeli za mbele na za nyuma, ikaguliwe kila asubuhi. Ikibonyezwa katikati icheze kama sentimita moja. Ikilegea zaidi itachomoka kwenye rasta. Ikikazwa sana inakula beringi.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kupanda kama mita 1,000. Gia ya meno 24 mbele, 34 nyuma, mwendo wa kutembea haraka, saa sita pamoja na mapumziko. Kupanda hakukuwa na neno. Kushuka ndiko kulikotufundisha.

Tuliambiwa, "Shikeni ya nyuma taratibu tangu juu mpaka chini." Uzito wetu ukishuka mita 1,000, nguvu ile ingeishia kwenye breki peke yake ingetosha kuchemsha karibu lita sita za maji. Breki zetu ni za raba zinazobana ringi, na ringi ndiyo inayokumbatia tyubu. Tulishika taratibu, kama tulivyoambiwa. Kabla ya kufika Soni nikasikia harufu ya raba, tukasimama. Nilidondosha maji ya chupa kwenye ringi ya nyuma, yakachemka palepale kama kwenye kikaango. Tukiwa bado tumesimama, tairi ikalala chini. Tairi ilikuwa nzima. Ni kiraka cha zamani: joto lililainisha solusheni, kiraka kikateleza na kubaki kimekunjamana pembeni ya tundu lake. Tangu hapo tyubu yenye kiraka haivai gurudumu la nyuma mteremkoni.

Ringi ilipopoa tukavalisha tyubu mpya, tukasukuma baiskeli mpaka Soni. Tandemu yetu ni ya mtumba, na habu yake ya nyuma (kitovu cha gurudumu) ina breki ya ngoma ambayo waya wake ulishakatika. Fundi alituambia tuisahau, raba zinatosha. Soni tukaenda duka la vipuri vya bodaboda. Mpini wa klachi wa pikipiki unafungwa kwenye usukani wa milimita 22, na usukani wangu ni kipenyo hichohicho. Tukanunua mpini na waya wa klachi, kama elfu kumi na tano. Kichwa cha waya kinakaa kwenye mpini vilevile. Upande wa ngoma unakata kichwa cha pili na kubana waya kwa skrubu. Kuna jambo moja la hatari: ngoma ina mkono wa chuma ambao lazima ufungwe kwenye fremu kwa klipu imara. Usipofungwa, ukishika breki habu nzima inajizungusha na ekseli inalegea.

Nikapewa mpini ule. Kwenye mteremko mrefu navuta na kuuzungushia mpira wa tyubu ubaki umebana kidogo. Joto linaishia kwenye habu, mbali na tyubu. Mume wangu anatumia raba za mbele na nyuma kwa zamu, anabana kwa nguvu sekunde chache kabla ya kona, kisha anaachia kabisa ringi ipate upepo. Kila kilomita tano tulisimama na kudondosha maji kwenye ringi. Mpaka Mombo hayakuchemka tena.

Kurudi Tanga ilikuwa kukabiliana na upepo wa kusi, kwa hiyo tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Nyumbani tulikuta spoki moja ya nyuma imekatika upande wa meno, ambako ni lazima ufungue gia ndipo uivalishe. Spoki za upande huo ni fupi kuliko za kushoto, kwa hiyo sasa tumefunga tatu za kila urefu kwa plasta kando ya fremu, pamoja na kifaa cha kufungulia gia.