Siku moja maishani mwangu: afisa kumbukumbu na TEHAMA wa SACCOS ya walimu, Morogoro

Watu wakisikia SACCOS, yaani chama cha kuweka na kukopa, wanafikiria mkopo. Mimi siidhinishi mkopo wa mtu wala sishiki fedha. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba jina, namba ya simu, shule, mrithi na salio la kila mwanachama ni vya leo, si vya mwaka aliojiunga, na kwamba kompyuta zinazotunza taarifa hizo nazo ziko salama. Wanachama wetu ni walimu wa Morogoro mjini, Mvomero, Kilosa na mpaka Mahenge kule Ulanga. Walimu wanahamishwa, wanaolewa, wanafiwa, wanastaafu, wanabadilisha laini. Faili linabaki vilevile mpaka mtu alifungue na kalamu mkononi. Hivi ndivyo ilivyokuwa Jumatano iliyopita.

Saa 12:00 asubuhi

Kabla ya chai nasoma kwenye simu ujumbe wa seva, kompyuta kuu inayotunza taarifa zetu. Kila usiku mfumo unatengeneza nakala ya taarifa zote, kisha unanitumia ripoti. Neno "imekamilika" peke yake halinitoshi, naangalia na ukubwa wa faili. Taarifa za chama chetu huongezeka kidogo kidogo kila siku, kwa hiyo nakala ya leo ikiwa ndogo kuliko ya jana, kuna kitu hakikuingia, hata kama ripoti inasema mambo shwari. Leo iko sawa.

Nakala tunazo tatu. Moja iko kwenye seva, ya pili kwenye diski ya nje inayolala ndani ya kasiki, na ya tatu imefungwa kwa neno la siri na kuhifadhiwa nje kabisa ya Morogoro. Ofisi ikiungua usiku, hiyo ya tatu ndiyo itakayosema nani ana akiba kiasi gani na nani anadaiwa.

Saa 1:15 asubuhi

Nawahi daladala ya Kihonda ili nifike kabla ya makeshia. Kaunta inafunguliwa saa 2:30, na saa hii moja ya utulivu ndiyo ninayoitumia kusasisha programu. Ukianza kusasisha kompyuta ya keshia wakati foleni imefika mlangoni, mwanachama anasimama akitazama kiduara kikizunguka kwenye kioo, na siku ya pili keshia ataubonyeza ule ujumbe wa "nikumbushe baadaye" mpaka mwaka uishe.

Utaratibu wangu ni kuanza na kompyuta ya masijala. Ikikaa siku mbili bila shida, printa inachapa na mfumo wa mikopo unafunguka, ndipo naingia kwa makeshia, na ya mhasibu inakuwa ya mwisho.

Bodi yetu ni walimu, na mwalimu anataka sababu. Nilipoomba fedha za kubadilisha kompyuta za zamani niliwaeleza habari ya WannaCry, kirusi cha kompyuta. Microsoft walitoa kiraka cha Windows, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, mwezi Machi 2017. Shambulio lenyewe likaja Mei 2017, miezi miwili baadaye, likafunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi na kudai malipo ili yafunguliwe. Hospitali za umma Uingereza zikaahirisha miadi ya wagonjwa na hata upasuaji. Dawa ilikuwepo tayari, lakini mashine nyingi hazikuwa zimepewa. Kisha nikawaonyesha tarehe nyingine: 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Baadhi ya kompyuta zetu hazikuweza kupanda Windows 11 kwa sababu hazina kifaa cha usalama ambacho toleo hilo linakidai, kinachoitwa TPM 2.0. Bodi walielewa. Mpya zikanunuliwa, na moja ya zile za zamani tumeiacha kwa kuskani nyaraka tu, haina intaneti wala haijaunganishwa na seva.

Saa 2:10 asubuhi

Nafungua orodha ya watumiaji wa mfumo. Afisa mikopo wetu mmoja ameanza likizo ya uzazi wiki hii, hivyo akaunti yake inasimamishwa leo na itafunguliwa akirudi. Hakuna anayemshuku. Muamala ukiingia kwa jina lake wakati yeye yuko nyumbani ananyonyesha, ni yeye atakayeitwa kujieleza. Kumfungia ni kumlinda. Ndiyo sababu pia hakuna neno la siri la pamoja katika ofisi hii, hata kwa mashine ya kuchapia.

Saa 3:00 asubuhi

Meza yangu iko pembeni ya kaunta, ina kibao kilichoandikwa "Kuhuisha taarifa". Asubuhi hii nitaieleza kwa urefu, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Anaingia mwalimu mstaafu kutoka Mahenge, ana mkoba wa ukili na bahasha ya kaki.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Mbona siku hizi hamniletei meseji za akiba yangu?"

Namfungulia ukurasa wake. Meseji zinatoka kila mwezi na mfumo unaonyesha zimepokelewa. Namsomea namba iliyopo.

"Hiyo laini niliiacha nilipostaafu," anasema. "Ilipotea na simu."

Laini isipotumika kwa muda mrefu kampuni ya simu huirudisha sokoni na kumuuzia mtu mwingine. Kwa hiyo salio la mama huyu limekuwa likisomwa na mtu asiyemjua. Aliyenunua laini hiyo hana kosa. Lakini ana jina la mama, jina la chama chake na kiasi cha akiba yake, na taarifa hizo zikiangukia kwa tapeli zinamtosha kupiga simu na kujifanya mtumishi wa ofisi.

Kubadilisha namba ni jambo la dakika kumi na siruhusu lipunguzwe. Kwanza kitambulisho cha NIDA. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Nazilinganisha na tarehe iliyoko kwenye fomu yake ya kujiunga. Za mama zinapishana: fomu inasema Januari, NIDA inasema Julai. Fomu iliandikwa kwa mkono kabla hajapata kitambulisho. Siifuti kwa wino mweupe. Napiga mstari mmoja ili cha zamani kiendelee kusomeka, naandika kipya juu yake, naweka sahihi na tarehe, naye anaweka sahihi yake. Mkaguzi akija aone nini kilibadilika, lini, na kwa idhini ya nani.

Kisha namwomba abonyeze *106# kwenye simu yake. Inaonyesha laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ile ya zamani haimo tena, hii mpya imo. Ananitajia namba, nami namrudishia tarakimu mbilimbili. Naiingiza kwenye mfumo, lakini haianzi kufanya kazi mpaka mwenzangu wa dirisha la pili aione fomu na kuiidhinisha kwa akaunti yake. Halafu tunatuma ujumbe wa majaribio mama akiwa bado amesimama hapo. Simu inalia ndani ya mkoba. Anavaa miwani, anasoma salio lake lote kwa sauti ndogo, kisha analisoma tena.

"Mwalimu, kabla hujaondoka, tuangalie na mrithi."

Kwenye fomu ni mume wake. Ananiambia mzee alifariki, na kwenye bahasha ya kaki anatoa nakala ya cheti cha kifo kutoka RITA. Alikuja nayo kwa shughuli nyingine, hakujua kwamba na sisi tulihitaji kujua. Nampa pole, nasubiri. Anataka aandike mjukuu anayemlea, yuko darasa la tano. Namweleza kwamba mtoto chini ya miaka 18 anaandikwa pamoja na mtu mzima atakayesimamia haki yake, akapendekeza binti yake wa Ifakara. Tunajaza fomu mpya, anaweka sahihi na dole gumba.

Nimeona familia zikihangaika kati ya ofisi yetu na Mahakama ya Mwanzo kwa sababu mrithi aliyeandikwa alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi kabla ya mwanachama mwenyewe. Fedha zipo, wenye haki wapo, watoto wanadaiwa ada, na karatasi inamtaja marehemu. Ndiyo maana hakuna mwanachama anayekaa kwenye kiti changu, hata awe amekuja kuuliza choo kiko wapi, akaondoka bila kuulizwa kuhusu mrithi wake.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie wa jirani. Katikati ya chakula simu ya ofisi inaita. Kaka mmoja, mpole sana, anasema mwalimu mwenzake wa Kilosa anaumwa, ameomba asaidiwe kubadilishiwa namba ya simu ili mkopo wake uingie huko. Anazo taarifa nyingi sahihi, hata cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye mshahara, anayo.

"Kaka, pole kwa mgonjwa. Namba hatubadilishi kwa simu. Mwakilishi wetu wa shule ataenda kumwona na fomu."

Akakata. Huenda ni mtu mwema, sijui. Wizi wa akaunti mara nyingi huanza na ombi kama hilo la kubadilisha namba, kwa kuwa mwenye namba ndiye anayepokea ujumbe wa kuthibitisha. Nikampigia mwakilishi wa shule hiyo, na mwalimu anayesemwa anaumwa yuko darasani anafundisha. Namba iliyonipigia nikaituma kwenda 15040, huduma ya kupokea taarifa za utapeli wa simu.

Saa 8:20 mchana

Umeme umekatika. UPS, vifaa vya betri vinavyoshikilia kompyuta kwa muda mfupi, zinalia, makeshia wanamalizia miamala na kuhifadhi, jenereta inawaka. Kila UPS nimebandika karatasi yenye tarehe betri ilipowekwa, na zikikaribia miaka mitatu naanza kuzipima. UPS yenye betri iliyokufa inaweza kuonyesha taa ya kijani kama kawaida mpaka siku umeme ukikatika.

Saa 9:00 alasiri

Masijala. Orodha ya makato ya mshahara imefika na lazima ilingane na daftari letu la wanachama. Majina hayasaidii, maana walimu wenye majina mawili yanayofanana ni wengi, na wengine wameolewa wakaongeza jina la mume kazini lakini kwetu hawajaleta hati. Tunatumia cheki namba. Mwalimu akihama kutoka Mvomero kwenda Kilosa, shule inabadilika na halmashauri inabadilika, cheki namba inabaki ileile. Leo nimekuta mwalimu ambaye makato yake yamesimama, na kumbe alishastaafu. Asipoambiwa sasa jinsi ya kulipa mwenyewe, mkopo wake utaanza kuhesabiwa umechelewa bila yeye kujua.

Pia nimetuma taarifa za waliomaliza mikopo kwa taasisi ya taarifa za mikopo. Hii siichezei. Mtu amelipa hadi senti ya mwisho, kisha anaenda benki kukopa bati za nyumba yake anaambiwa bado anadaiwa, kwa sababu kuna ofisi haikuandika neno "amemaliza". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inatutaka tutunze taarifa za watu zikiwa sahihi. Hata isingekuwepo, mwalimu huyo angekuwa na haki hiyo.

Saa 10:30 jioni

Kaunta imefungwa. Nachukua diski kutoka kwenye kasiki na kuirejesha nakala ya jana kwenye kompyuta ya akiba, isiyounganishwa na kitu. Nachagua mwanachama mmoja bila kupanga, namlinganisha na leja: hisa, akiba, amana, deni, wadhamini. Kila kitu kimelingana. Wapo wenzangu katika kazi hii ambao hutengeneza nakala kila siku na hawajawahi kujaribu kuirejesha hata moja. Nawaomba wajaribu wiki hii, kabla ya jambo lingine lolote.

Saa 11:30 jioni

Nachapa orodha ya wanachama ambao meseji zao za mwezi huu hazikufika, nikiipanga kwa shule. Jumamosi ni mkutano mkuu, na meza yangu itakuwa pale pale mlangoni, kabla ya meza ya posho. Fomu za mrithi zimeshachapwa, kidau cha wino wa dole gumba kimejazwa, na mwakilishi wa Mahenge amesema atakuja na walimu wake wote kwa basi moja.